Mbu wa Gari la Mwalimu

Redio ya gari ikianza kuguna, kukoroma au kulia kama inafinywa, mtaa mzima ulijua pa kuipeleka: kwa Sikio. Jina lake la kwenye cheti cha kuzaliwa lilikuwepo, ila hata yeye ukimwita nalo aligeuka nyuma kutazama anaitwa nani. Jina la Sikio alilipata akiwa kijana, siku aliposimama kando ya barabara, likapita gari la mtu limefunga vioo, naye akalikimbilia mpaka kwenye kona na kugonga mlango, akamwambia mwenyewe kwamba spika yake ya nyuma, ya kushoto, imechanika. Wakaifungua. Kweli imechanika. Tangu siku hiyo kijana yule akavimba kichwa, na mpaka anafikisha miaka hamsini na minane, uvimbe haujashuka.

Karakana yake ilikuwa chumba kimoja chenye lango la chuma, kinachoingia gari moja na mtu mmoja mwembamba pembeni yake. Nyaya zilining'inia kwenye misumari kwa rangi zake, na ole wako uning'inize ya bluu kwenye msumari wa kijani. Kwenye rafu zilipangwa redio za zamani zilizopasuliwa matumbo, ambazo alisema atazitengeneza akipata nafasi, na mke wake alisema nafasi hiyo itapatikana siku ya kiyama. Mteja alikalishwa kwenye kiti kilichong'olewa kwenye gari bovu, mkanda wake bado upo. Na juu ya kiti hicho, kwa herufi nyekundu alizopaka kwa mkono wake mwenyewe, palitundikwa kibao: MTEJA, USINIAMBIE. NITASIKIA MWENYEWE.

Usidhani kibao kile kilikuwa pambo. Sikio aliamini, na sijui imani hiyo aliitoa wapi, kwamba mteja akishakueleza kelele yake amekuharibia kazi. Utasikia maneno yake badala ya gari. Ukishuka tu ukaanza, "Fundi, kuna kitu kinafanya vuuu," alikuinulia kiganja kama askari wa barabarani, kisha kidole kikaelekea kwenye kibao. Ungefanyaje? Ulikaa, ukafunga mdomo. Yeye aliingia kwenye gari, akafumba macho, akawasha injini, akakanyaga mafuta kidogo, akaachia, akakanyaga tena. Halafu akashuka na kutamka ugonjwa. Kuna watu waliokuwa wanakuja kutazama tu, gari hawana.

Jirani yake wa kulia alikuwa fundi wa matairi, mtu wa tumbo, utani na sauti kubwa, aliyeitwa Upepo kwa sababu huo ndio aliouza. Wawili hawa walikuwa hawaivi mwaka wa pili sasa, na sababu yenyewe, usicheke, ni ndege. Palikuwa na ndege mdogo aliyekaa juu ya paa la karakana na kuimba kila asubuhi Sikio akifungua lango. Sikio alimpenda ndege yule kuliko alivyokubali kusema. Siku moja akafungua lango, kimya. Kesho yake, kimya. Basi akahitimisha kwamba Upepo amemfukuza kwa mashine yake mpya ya kujazia matairi, akaenda kumwambia hivyo mbele ya wateja wake. Upepo akajibu kwamba yeye hana kesi na ndege wala mbuzi, na kwamba mtu mzima kulilia ndege ni aibu. Tangu hapo salamu zao zikawa za kugunaguna.

Upande wa kushoto palikuwa na chumba cha mke wake, fundi cherehani, na kwenye ukuta wa kati palikuwa na kidirisha kisicho na kioo, ambacho kwacho walipitishiana chai, mkasi na maneno. Zaidi maneno. Mama yule alikuwa na masikio ya kusikia sindano ikianguka kwenye zulia, na gari lolote lililoingia mle na kelele nyembamba halikumpita. "Mzee wangu," alipaza sauti kutoka dirishani, "huyo mbu wa gari jeupe atanitoboa kichwa! Mtoeni!" Sikio aliguna kwamba wanawake hawana subira, akaendelea na kazi. Akimaliza, cherehani ya pale upande wa pili huwa inakimbia, mama ametulia, na mteja anaondoka anacheka.

Sasa, binti yao mkubwa, aliyeolewa mji mwingine, alijifungua mtoto wa kwanza. Mama akafunga safari ya siku kumi. Alimwachia mumewe maelekezo ya chakula, ya funguo na ya jiko dogo lililo chumbani kwake. "Na birika likipiga mluzi," alisema, "uliondoe jikoni."

"Mimi nimewahi kushindwa na birika?"

Mama alimtazama. Akafungua mdomo, akaufunga. Akapanda basi.

Jumatatu yake akaingia Mwalimu.

Mwalimu alikuwa mwalimu mkuu mstaafu, mama mrefu mwembamba, mwenye kigari cha zamani kilichotoka kupigwa rangi upya mpaka kinang'aa kama sahani ya wageni. Mwanawe wa mwisho, kabla ya kwenda kufanya kazi ng'ambo, ndiye aliyemletea Sikio kigari kile kifungwe amplifaya kwenye buti, chombo cha kukuza sauti, kikubwa kuliko begi la safari. Mwalimu aliipinga wiki mbili. Wiki ya tatu akagundua muziki wa dansi wa zamani unavyopendeza ukiusikia mpaka mgongoni, na tangu hapo alikuwa anasikika kabla ya kuonekana.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, fundi. Nimekuja kwa sababu redio yangu..."

Kiganja kikapanda. Kidole kikaonyesha kibao. Mwalimu alikisoma mara mbili, na Sikio, mtu mzima na ndevu zake, akaingiwa na woga kidogo, maana mama huyu aliwanyamazisha wengine kwa miaka thelathini na mitano na hakuna aliyewahi kumnyamazisha yeye. Lakini uso wa Mwalimu ukalainika.

"Kibao kizuri," akasema. "Watu wanasema sana." Akakaa kwenye kiti cha wateja na kufunga mkanda.

Sikio akaingia kwenye gari, akafumba macho, akawasha. Alisikia injini, safi. Alisikia besi ya spika za nyuma, safi. Alisikia feni. Akakanyaga mafuta, akaachia, akakanyaga. Zaidi ya hapo, patupu. Akashuka akitabasamu.

"Mwalimu, gari hili ni zima kuliko mimi."

Mwalimu alimtazama kwa muda mrefu. Sikio alidhani ni kwa kumstaajabia. Mama wa watu akafungua mkanda, akaaga, akaondoka.

Jumanne saa mbili asubuhi kigari kikarudi. Mwalimu akashusha kioo na kutamka neno moja: "Bado."

"Bado nini, Mwalimu?"

Mwalimu akanyoosha kidole kwenye kibao.

Hapo ndipo mwenye akili zake angesema, basi leo niambie. Neno lilimfika Sikio kwenye ncha ya ulimi. Lakini Upepo alikuwa amesimama langoni na tairi begani, masikio ameyasimamisha, na Sikio angekubali kumeza spana kuliko kumwuliza mteja mbele ya Upepo. Akamwomba Mwalimu akae naye kwenye kiti cha mbele, kwamba nia yake ni kupima uzito wa abiria. Nia yake ilikuwa kumtazama usoni: akikunja uso, kelele ipo; akikunjua, imeondoka. Masikini. Uso ule ulisimamia mitihani maisha yake yote, ukipita kati ya madawati, ukiona majibu sahihi na majibu ya ovyo, na hakuna mtoto aliyewahi kusoma chochote juu yake. Sikio alikanyaga mafuta, akachungulia. Hakuna kitu. Akakanyaga tena, akachungulia. Mwalimu akamgeukia na kumwuliza kama ana tatizo la shingo.

Basi akafanya kazi ya kubahatisha, ila akaifanya kwa ustadi. Nyaya za sauti, zile zinazobeba muziki kutoka kwenye redio hadi kwenye amplifaya, zilikuwa zimepita karibu na waya mnene wa umeme, na waya wa umeme huambukiza kelele kwa majirani. Akang'oa mazulia, akazihamishia upande wa pili wa gari, akarudisha mazulia. Asubuhi yote. Mwalimu akasikiliza, akasema "Asante," akaenda zake.

Jumatano saa mbili: "Bado."

"Naona Mwalimu ameanza kazi hapa," Upepo akapaza sauti kutoka kwake. "Mpe sare!"

Sikio akafungua redio yenyewe, akakaza viungio vyote, akaongeza kile kikopo kidogo cha kuchuja umeme unaotoka kwenye altaneta, ile mashine ya kuzalisha umeme wa gari inayozungushwa na injini. Akajaribu ujanja wa mwisho. "Sasa hivi unaionaje, Mwalimu?" akauliza kijuujuu, kama mtu anayeulizia hali ya hewa.

"Kibao, fundi," Mwalimu akamkumbusha kwa upole, akawasha gari.

Mchana wa siku hiyo alibandika birika kwenye jiko dogo la mkewe, akakaa hatua moja kutoka hapo, redio ya mtu iko mapajani, mawazo yako kwa Mwalimu. Mara mlango ukasukumwa, Upepo akaingia ameziba masikio kwa viganja viwili.

"We Sikio! Birika! Dakika kumi linapiga mluzi! Wateja wangu wanakimbia, na wewe umekaa unalitazama!"

Sikio akageuka. Mvuke ulikuwa unatoka kwenye mdomo wa birika kwa nguvu, umenyooka. Alisikia pumzi, fff, kama mtu anayepoza uji. Mluzi hakuusikia.

"Nalipima," akasema.

"Unapima birika?"

"Kuna tatizo gani?"

Upepo akamtazama, akatazama birika, akaliondoa jikoni mwenyewe na kutoka akitikisa kichwa. Alipoondoka, Sikio akalirudisha. Likachemka tena. Akasogeza sikio lake la kulia, lile la sifa, karibu, karibu zaidi, mpaka mvuke ukamuunguza na akaruka nyuma. Mluzi hakuusikia.

Aliogopa. Fundi wa redio asiyesikia ni mtu mwenye bisibisi tu. Magari yangeanza kumpita kwenda mtaa wa pili, watu wangempa pole, na lile jina alilolibeba miaka arobaini lingebaki kuwa la kuchekea. Angeitwa Sikio vilevile, na hapo ndipo palipomuuma.

Akampigia mkewe simu.

"Mama watoto, hamjambo huko?"

"Hatujambo. Mjukuu wako ana sauti huyo! Utamsikia mwenyewe."

Neno hilo lilimchoma, akalimeza. "Unarudi lini?"

"Kuna gari?" mama akauliza.

"Lipo."

"La mbu?"

Macho ya Sikio yalikuwa kwenye kidirisha cha ukutani, na ghafla yakamjia magari yote kwa mpigo: jeupe la daktari, jekundu la bwana harusi, lile la kusambaza mikate. Kila moja liliingia, mama akapiga kelele dirishani kwamba kuna mbu, na yeye akaanza kufungua nyaya. Kila moja lilitoka mama alipotulia na cherehani ikakimbia. Hakuna hata moja alilolisikia yeye. Alisikia mke.

"Ulijua," akasema.

"Nilijua siku uliyokaa na birika likaungua kitako, ukanilaumu nimenunua birika bovu."

"Hiyo ilikuwa mwaka juzi!"

"Mwaka juzi, ndiyo."

"Na hukuniambia?"

"Kibao chako kimeandikwa nini, mzee wangu?"

Na mama, ambaye maneno hayajawahi kumwishia tangu waoane, sasa akayatafuta. Kisha akasema kwa sauti ya chini, ile ambayo Sikio aliisikia vizuri, "Ningeanzaje? Wewe ni Sikio. Mwambie Mwalimu aje Jumamosi, nitakuwa nimefika. Na mpaka hapo usiguse waya hata mmoja, umeshalizungusha gari la watu vya kutosha."

Jumamosi asubuhi mama alifika na begi lake mkononi, khanga imekunjamana kwa safari, usingizi machoni. Mwalimu alikuwa ameshakaa kwenye kiti chake, mkanda ameufunga. Upepo alikuwa amejiletea stuli na kuiweka langoni, matairi ya watu ameyaacha jua linayapiga. Mama akasalimia wote, akapita moja kwa moja chumbani kwake, na sekunde chache baadaye uso wake ukatokea kwenye kidirisha. Akamkonyeza mumewe. Yuko tayari. Yaani angepiga ile kelele yake ya mbu kama kawaida, Sikio angefanya kazi yake kama kawaida, na hakuna ambaye angejua kitu mpaka wazikwe wote wawili.

Sikio alishika ufunguo wa gari. Ilikuwa rahisi mno. Lakini alimwona yule mama pale dirishani, vumbi la safari kichwani, hata maji hajanywa, amesimama kumfichia aibu kama alivyomfichia miaka miwili, na juu ya hayo akitukanwa kwamba hana subira. Akaona haya. Aliona haya kuliko ambavyo angeona mbele ya Upepo.

"Mama watoto," akasema, "toka huko dirishani. Njoo ukae mbele."

"Mbele wapi?"

"Kwenye gari." Halafu akamgeukia Mwalimu, akapiga moyo konde. "Mwalimu, kelele ya gari lako mimi siisikii. Si leo tu. Sijaisikia tangu Jumatatu, na sauti za namna hiyo nimeacha kuzisikia zamani. Mke wangu ndiye anayesikia. Nimekuhangaisha bure, unisamehe."

Stuli ya Upepo ililia kwa jinsi alivyogeuka. Mwalimu aliangalia kibao, akatii.

Mama akaja, akakaa kwenye kiti cha abiria, akalishika begi mapajani maana hakujua aliweke wapi. Sikio akawasha injini na redio.

"Yupo?"

"Yupo, tena amenenepa."

"Nitajuaje anavyolia?"

Mama akafikiri. "Nitamwimba," akasema, na kabla hajazuiwa akaanza: "Iiiiiiii..."

"Sikupati. Shusha."

"Iiiuuu..."

"Shusha tena."

"Uuuuuuu," mama akaimba, sauti nene ya kifuani, na Sikio akaipata. Akakanyaga mafuta. Sauti ya mama ikapanda. Akaachia, ikashuka. Akakanyaga kwa nguvu, mama akapanda mpaka mishipa ya shingo ikamtoka, na begi likaanguka.

"Inafuata injini!" Sikio akapiga usukani kwa furaha. "Ni umeme wa altaneta huo, unapenya mahali! Usiache, usiache kuimba!"

Akamwachia Mwalimu kazi ya kukanyaga mafuta, akakimbilia kwenye buti na kuchomoa nyaya za sauti kwenye amplifaya. Mama akakata. Akazichomeka, mama akaanza tena. Akachomoa, kimya. Akachomeka, "uuuuu." Basi amplifaya yenyewe haina kosa, kinacholeta balaa kinaingia pale inapoungana na redio.

"Shemeji, umepanda mno," Upepo akaingilia kutoka langoni, ameshindwa kuvumilia. "Yenyewe iko chini kidogo. Hivi: uuuu."

"Wewe jaza matairi!" mama akamrushia, akaendelea.

Hapo Mwalimu, mguu mmoja kwenye mafuta, akanyoosha kidole juu kupitia dirisha la gari, mkono umenyooka kama wa mtoto wa dawati la mbele.

"Fundi, naomba ruhusa ya kusema."

Sikio akatazama kibao. Kilikuwa kimekaa pale miaka mingi, na ukuta nyuma yake ulikuwa na rangi nyingine. Akaenda, akakitungua, akakiegemeza chini, maandishi yakiangalia ukuta.

"Sema, Mwalimu."

"Kelele ilianza siku niliyolichukua gari kwa mpiga rangi. Saa ileile, kabla sijatoka getini kwake. Nilitaka kukuambia Jumatatu."

Hata mama aliacha kuimba.

"Imba!" Sikio akasema.

"Usinifokee, nimetoka safari!"

Lakini yeye alikuwa ameshazama kwenye buti, miguu tu ndiyo inaonekana. Amplifaya ina waya mweusi unaokwenda kufungwa kwa bolti kwenye bati la gari, ili umeme upate njia ya kurudi, na waya huo unataka kukutana na chuma kitupu. Yeye mwenyewe ndiye aliyelikwangua bati lile siku alipoufunga. Akafunua zulia. Bolti ilikuwa mahali pake, imekazwa vizuri, inapendeza. Akaifungua, akatazama chini yake, na kicheko kikaanza kumtoka humo humo ndani. Mpiga rangi, mtu wa watu, mwenye moyo safi kabisa, alikuwa ameifungua bolti, akapiga rangi pale chini tabaka mbili nzuri, akasubiri ikauke, kisha akaurudisha waya juu ya rangi. Umeme ulikosa njia yake, ukawa unarudi kwa kupitia kwenye nyaya za muziki.

Akachukua msasa, akakwangua mpaka chuma kikawa cheupe. Akafunga waya, akakaza bolti. "Mwalimu, mafuta!"

Injini ikapanda. Sikio alisimama nyuma ya gari, hamtazami Mwalimu, hamtazami Upepo. Anamtazama mkewe kupitia kioo cha nyuma. Mama alifungua mdomo, pumzi ameivuta tayari. Akabaki hivyo. Mwalimu akaachia mafuta, akakanyaga tena. Mama akafunga mdomo, na akatabasamu.

Mwalimu akazima gari, akashuka, akainama kutazama ile bolti kama anayesahihisha daftari. "Umepata," akasema. "Ila umechelewa kukusanya." Akawapa mkono wote, hata Upepo, akaondoka na muziki wake wa dansi mpaka ukapotelea kwenye kona.

Sikio akamgeukia Upepo na kusubiri kicheko. Alistahili, na alijua. Upepo aliinuka, akaichukua stuli yake.

"Unadhani mimi napiga makelele nikiongea kwa sababu gani?" akasema, kidole kwenye sikio. "La kushoto hili lilishakufa. Mashine." Akarudi kwenye matairi yake.

Mama alichemsha chai. Birika lilipopiga mluzi alimgusa mumewe begani, akaliondoa jikoni. Walikunywa wakiwa wamekaa kwenye kizingiti cha lango, miguu juani, na mama akaeleza habari za mjukuu: pua ya nani, vidole vya nani. Sikio alisikiliza akiutazama mdomo wake. Kikombe kilipofika nusu akauliza jambo lililokuwa limemkaa tangu Jumatano, tangu lile birika, na ambalo aliliogopa kuliko gari la Mwalimu.

"Yule ndege alihama lini?"

Mama akainua macho juu ya paa.

"Hajahama," akasema.

"Miaka yote hii?"

"Kila asubuhi ukifungua lango."

"Na sasa hivi?"

"Yuko pale pembeni, kwenye bati lililokunjika. Anaimba."

Sikio akatazama. Aliuona mdomo mdogo ukifunguka na kujifunga, na koo likitetemeka, na hakusikia chochote. Machozi yakamjaa, hakuyafuta. Mama akaweka kikombe chini, akasikiliza mara moja mpaka mwisho, akasafisha koo. Kisha akamwimbia wimbo wote, polepole, kwa sauti nene ya kifuani, pamoja na pale mwishoni ambapo ndege hukata ghafla na kuanza upya. Ndio uleule. Sikio akamwomba arudie, naye akarudia.

Halafu Sikio akasimama, akajipangusa vumbi kwenye suruali, akavuka hadi kwa jirani. Upepo alikuwa ameinamia tairi, mgongo ameupa barabara. Sikio akazunguka upande wa sikio lake la kulia, maana sasa alijua ndilo lililobaki.

"Jirani," akasema kwa sauti kubwa. "Nimekuja kwa ajili ya yule ndege."